Nyimbo za Kiangazi za Kijapani za Kuimba Garini: Mwongozo Kamili kwa Msikilizaji wa Makamo

Orodha nyingi za nyimbo za kiangazi za Kijapani hufa kabla gari halijafika baharini. Abiria wa miaka hamsini na kitu anasikiliza mbili tatu kwa adabu, anasema "nzuri", kisha anageukia dirisha. Haimbi. Mara nyingi kosa ni lile lile: orodha imejazwa nyimbo anazozipenda aliyeiandaa, au zilizovuma mtandaoni, na si zile alizokua nazo msikilizaji.

Mwongozo huu ni wa yule anayeishi Japani na anataka kumpeleka mama mkwe, mzee wa kazini au mwenzi wake ufukweni. Ni wa yule wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala pia, ambaye gari lake lilitoka Yokohama na redio yake bado inaongea Kijapani. Njia ya Hatua ya 5 ni ya Japani, ila kanuni zake zinafaa popote.

## Vitu vya kuandaa

- Mwaka wa kuzaliwa wa msikilizaji. Bila huo usiendelee.
- Flashi ya GB 8 hadi 32, au CD-R tupu mbili za dakika 80.
- Kompyuta yenye programu mbili za bure: Audacity na MP3Gain.
- Nyimbo 18 hadi 20, ambazo ni kama dakika 85 hadi 90.
- Karatasi za A4 za maneno ya nyimbo, herufi za ukubwa wa 16 au zaidi. Macho ya makamo hayana mzaha na herufi ndogo.
- Abiria mmoja wa kushika hizo karatasi.

## Hatua ya 1: Anza na mwaka wa kuzaliwa

Chukua mwaka aliozaliwa msikilizaji, ongeza 13, andika. Ongeza 22, andika tena. Kati ya miaka hiyo miwili ndimo zilimo nyimbo anazozijua kwa moyo, hata kama hajazisikia siku nyingi. Aliyezaliwa 1968 anakupa 1981 hadi 1990. Wa 1975 anakupa 1988 hadi 1997. Wa 1980 anakupa 1993 hadi 2002.

Sababu ni kwamba nyimbo za umri huo ziliingia pamoja na likizo ya shule ya Julai na Agosti, leseni ya kwanza na mapenzi ya kwanza. Wimbo uliotoka akiwa na miaka 35 anaweza kuupenda sana, lakini maneno hayakai mdomoni vivyo hivyo.

Onyo: usimuulize "unapenda nyimbo gani za zamani?" Atakutajia jina moja la heshima, au atasema "chochote tu". Muulize alikuwa kidato gani alipokwenda baharini na wenzake bila wazazi. Hapo mwaka utapatikana, na mara nyingi na jina la bendi litafuata.

## Hatua ya 2: Chagua nyimbo

Kwanza ondoa zisizohusika. "Plastic Love" ya Takeuchi Mariya (1984) na "Mayonaka no Door" ya Matsubara Miki (1979) zimezunguka dunia nzima kupitia intaneti, na ni nyimbo safi. Lakini si nyimbo za kiangazi. Hiyo ya pili ilitoka Novemba. Ukimwekea Mjapani wa miaka 57 garini mwezi wa Agosti, atashangaa umezijulia wapi, halafu atanyamaza. Mshangao haumfanyi mtu aimbe.

Sasa tumia miaka ya Hatua ya 1.

Waliozaliwa 1960 hadi 1967. Anza na Pink Lady, "Nagisa no Sindbad" (1977), kisha Southern All Stars, "Katte ni Sindbad" (1978). Ongeza Matsuda Seiko: "Aoi Sangosho" (1980) na "Natsu no Tobira" (1981). Ohtaki Eiichi ana "Kimi wa Tennenshoku", wimbo unaofungua albamu yake ya 1981, na Yamashita Tatsuro ana "Sparkle" wa 1982, ambao mlio wake wa gitaa mwanzoni unatosha kumfanya mtu akae vizuri kitini.

Waliozaliwa 1968 hadi 1974. Hili ndilo kundi rahisi kuliko yote. Sugiyama Kiyotaka na Omega Tribe wana "Summer Suspicion" (1983) na "Futari no Natsu Monogatari" (1985). TUBE wana "Season in the Sun" (1986) na "Ah Natsuyasumi" (1990). Princess Princess wana "Sekai de Ichiban Atsui Natsu". Mwaka wa 1990 peke yake unatoa pia "Manatsu no Kajitsu" ya Southern All Stars na "Shonen Jidai" ya Inoue Yosui. Ukiwa na nafasi ya bendi moja tu kwa kundi hili, chukua TUBE. Wamejenga kazi yao yote juu ya kiangazi, na viitikio vyao vimeandikwa kwa ajili ya umati.

Waliozaliwa 1975 hadi 1982. "Natsu no Hi no 1993" ya class (1993), "Manatsu no Yo no Yume" ya Matsutoya Yumi (1993), "Natsuiro" ya Yuzu (1998), "HOT LIMIT" ya T.M.Revolution (1998), "Hanabi" ya aiko (1999), "Music Hour" ya Porno Graffitti (2000) na "secret base" ya ZONE (2001).

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: nyimbo kama 12 za kuimba kwa nguvu, nne za kusikiliza tu, na mbili au tatu za kufungia safari. Ukiweka zote za kupaza sauti, kufikia wimbo wa saba watu wamekauka koo.

### Mitego ya matoleo

Hapa ndipo wengi wanaangukia, kwa hiyo kaa hapa kidogo.

"Natsu Matsuri" ina matoleo mawili maarufu: la JITTERIN'JINN la 1990 na la Whiteberry la 2000. Aliyezaliwa 1974 anahitaji la kwanza, na aliyezaliwa 1985 la pili. Maneno ni yale yale, lakini mapigo na sauti ya mwimbaji vinatofautiana. Mtu akiwekewa toleo lisilo lake, anaimba huku anajikwaa.

"Sekai de Ichiban Atsui Natsu" ilitoka 1987, ikarudi 1989 na kushika nafasi ya kwanza. Chukua ya 1989.

Hizo "Sindbad" mbili ni nyimbo tofauti kabisa. Ukitafuta kwa neno moja utaleta Pink Lady ukidhani umeleta Southern All Stars.

Kwepa pia matoleo ya tamasha la moja kwa moja. Mwimbaji huwaachia mashabiki kiitikio, na garini kunabaki kelele za uwanja bila sauti ya kufuata.

Umefanikiwa hapa ikiwa kila wimbo kwenye karatasi yako una jina la msanii na mwaka wa toleo pembeni.

## Hatua ya 3: Pima sauti ya msikilizaji

Sauti ya mtu wa miaka 55 haifiki kileleni kama ilivyofika akiwa na 20, na kwa bahati mbaya nyimbo nyingi za kiangazi ziliandikwa kwa waimbaji wa sauti za juu. Maeda Nobuteru wa TUBE ni mfano mzuri: kila mtu anajua kiitikio chake, wachache wanakifika.

Tovuti za karaoke za Japani huandika noti ya juu kabisa ya wimbo kwa alama kama mid2G au hiA. Ukiona hiA inarudi mara kwa mara kwenye kiitikio, mwanamume wa kawaida atapata taabu. Kwa mwanamke wa makamo, tahadhari ianzie hiD.

Kama hupati alama hizo, jaribu kwa macho. Cheza kiitikio mkiwa mmekaa nyumbani na umtazame anavyofuata. Kidevu kikianza kupanda na mishipa ya shingo kujitokeza, wimbo uko juu mno kwake. Akishuka ghafla na kuimba chini kabisa, ameukimbia.

Tiba ni kushusha ufunguo. Fungua wimbo kwenye Audacity, nenda kwenye menyu ya madoido, chagua badiliko la kimo cha sauti (si la kasi), weka nusu toni -2. Mwisho ni -3. Ukizidi hapo sauti ya mwimbaji inakuwa nzito kama mtu anayeongea ndani ya pipa, na msikilizaji anahisi kuna kitu kimeharibika hata asipojua ni nini. Weka faili la asili kando kila mara. La kushushwa libaki la matumizi yako mwenyewe.

Usishushe nyimbo zote. Tatu au nne zenye taabu zinatosha.

## Hatua ya 4: Pata nyimbo zenyewe

Nyimbo ulizopakua ndani ya programu za kusikilizia kwa malipo ya mwezi haziwezi kunakiliwa kwenye flashi. Faili zake zimefungwa. Nunua faili za MP3 kwenye duka la mtandaoni, au nunua CD na uzinakili kwenye kompyuta. Aliyeko Japani aende Book Off, ambako CD zilizotumika za miaka ya 1980 na 1990 hupatikana kwa yen mia chache.

Southern All Stars waliingia kwenye huduma za mtandaoni Desemba 2019, na albamu ya Ohtaki ya 1981 ikafuata Machi 2021, kwa hiyo usiamini ushauri wa zamani unaosema hazipo. Yamashita Tatsuro ni habari nyingine: anajulikana kwa kukataa kabisa huduma hizo. Ukiona "Sparkle" huko, ikague vizuri, huenda ni ya mtu mwingine anayeuimba. Kwa Yamashita, nunua CD.

Nakili kwa MP3, kbps 192 hadi 320, kiwango kisichobadilika. Redio nyingi za zamani za gari hazisomi FLAC (aina ya faili za sauti zisizopunguzwa ubora), na kiwango kinachobadilika huzifanya zionyeshe dakika za uongo.

## Hatua ya 5: Panga nyimbo kufuata barabara

Usipange kwa miaka wala kwa alfabeti. Panga kwa kelele ya gari na kwa kinachoonekana dirishani.

Tuchukue safari inayojulikana kuliko zote kwa nyimbo hizi: pwani ya Shonan, mkoa wa Kanagawa, kwa Barabara ya Taifa namba 134. Unashika barabara ya kulipia ya Yokohama-Yokosuka, unatoka Zushi, kisha unaelekea magharibi kupitia Kamakura, Inamuragasaki, Shichirigahama, Enoshima na Chigasaki. Japani huendesha kushoto kama Afrika Mashariki, na ukielekea magharibi bahari iko kushoto. Kwa hiyo njia yako ndiyo iliyo jirani na maji, na abiria wa mbele ndiye mwenye mandhari. Ukipita safari hiyo kinyume, kutoka Chigasaki kurudi, nusu ya raha imepotea.

Kwenye barabara ya kulipia. Matairi na upepo vinameza besi na vianzio vya polepole. Weka nyimbo zenye ngoma kali tangu sekunde ya kwanza: "HOT LIMIT", "Futari no Natsu Monogatari", "Natsu no Tobira". "Manatsu no Kajitsu" usiiweke hapa. Inaanza taratibu mno, utapandisha sauti ili uisikie, halafu kiitikio kitakupasua masikio.

Zushi hadi Enoshima. Hapa ndipo bahari inajifungua. Weka wimbo wako mkubwa kuliko yote hapa. "Season in the Sun" ikianza pale maji yanapotokea, kazi imekwisha. Jumamosi na Jumapili za Julai na Agosti foleni ya Shichirigahama ni ndefu, lakini usiiogope: gari likitambaa, kelele zinashuka na watu wanasikilizana. Nyimbo za polepole za kuimba pamoja zinakaa vizuri hapo.

Enoshima hadi Chigasaki. Misonobari ya kuzuia mchanga inaziba bahari kwa sehemu kubwa. Wageni hudhani wamepotea njia. Tumia kipande hiki kwa nyimbo za kusikiliza na kwa kunywa maji. Chigasaki ndiko alikokulia Kuwata Keisuke wa Southern All Stars, na "Kibo no Wadachi" ya 1990 hupigwa kituo cha treni cha hapo kama mlio wa kuondokea. Iweke mnapoingia mjini.

Kurudi. Hapa ndipo zinapokaa za kuaga kiangazi: "Shonen Jidai", "Sayonara Natsu no Hi" ya Yamashita (1991), na kwa wadogo kidogo "Natsu no Owari" ya Moriyama Naotaro (2003). Tatu zinatosha. Mfululizo wa huzuni ukizidi hapo, dereva anaanza kusinzia.

Onyo la tarehe: siku za Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wahenga katikati ya Agosti, barabara zote hujaa. Orodha ya dakika 90 haitoshi. Andaa ya pili.

## Hatua ya 6: Iandae flashi au CD kwa redio ya gari

1. Sawazisha sauti. CD za miaka ya 1980 zilirekodiwa kwa sauti ya chini kuliko za mwishoni mwa 1990. Bila kusawazisha, "HOT LIMIT" ikifuata "Aoi Sangosho" dereva ataruka. Fungua faili zote kwenye MP3Gain, acha kipimo chake cha kawaida cha desibeli 89, tekeleza.

2. Badilisha majina. Andika kwa herufi za Kilatini, na namba mbele: 01-Natsu-no-Tobira, 02-Hot-Limit. Redio zilizotengenezwa nje ya Japani mara nyingi huonyesha visanduku vitupu badala ya kanji, yaani herufi za Kijapani.

3. Fomati flashi kwa FAT32. Redio nyingi za gari hazitambui mifumo mingine. Ndiyo maana tumesema usizidi GB 32.

4. Nakili kwa mpangilio. Baadhi ya redio hazisomi namba za majina. Hucheza kwa mfuatano uliozinakili. Ukiburuta zote kwa pamoja, mpangilio wako wa barabara unaweza kuvurugika. Nakili moja moja kuanzia 01.

5. Kama redio haina tundu la USB, choma CD ya muziki ya kawaida, si CD ya faili za MP3. Inaingiza nyimbo 16 au 17, lakini hata redio ya 1998 itaisoma. Usiiache juu ya dashibodi juani, itapinda.

Kwa magari yaliyoletwa Afrika Mashariki. Redio za Kijapani zilishika FM ya MHz 76 hadi 90, na mpya zaidi hufika 95. Huku kwetu masafa ni 87.5 hadi 108. Ukinunua transmita ya Bluetooth ukaiweka 100 au 104, redio haitasikia kitu, na wengi hurudisha transmita dukani wakidhani ni mbovu. Iweke kati ya 87.5 na 89.9, mahali ambapo redio inatoa mvumo mtupu bila stesheni. Kama fundi alifunga kigeuzi cha masafa, namba zinahama: kwa kigeuzi cha MHz 20, transmita ya 100.1 utaipata kwenye 80.1.

Umefanikiwa ikiwa nyimbo tatu za mwanzo zimecheza kwa mfuatano wako na hukugusa kitufe cha sauti.

## Hatua ya 7: Maneno na matamshi

Maneno utayapata kwa Kijapani kwenye tovuti ya Uta-Net. Kwa asiyesoma Kijapani, tafuta yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, na hapa Mswahili ana bahati. Irabu a, e, i, o, u zinakaribia sana zetu, na silabi nyingi huishia kwenye irabu.

Yanayowashinda watu ni machache:

- Irabu ndefu ni mapigo mawili. Ukiifupisha, utamaliza mstari kabla ya mwimbaji.
- N ya mwisho wa silabi ina pigo lake. Itamke kama n ya "nta" au "nchi", isimame yenyewe.
- Konsonanti ile ile ikiandikwa mara mbili, kama tt au kk, ni kituo kifupi. Ziba pumzi pigo moja, kisha endelea.
- "Wo" husomwa "o".
- Tovuti zinatofautiana tahajia. Ukiona si, ti, tu, soma shi, chi, tsu.

Chapisha viitikio tu na mstari mmoja wa kuingilia. Ubeti mwachie mwimbaji. "Katte ni Sindbad" ina maneno yanayomiminika kama maji ya bomba. Hata Wajapani hujikwaa. Jiunge kwenye "la la la" ya mwanzo na kwenye kiitikio, inatosha.

Abiria mwenye karatasi awe kinara: atamke maneno mawili matatu ya mwanzo wa mstari nusu pigo kabla, wengine wadake. Dereva haangalii karatasi hata mara moja. Anaimba anachokijua kwa kichwa.

## Hatua ya 8: Siku ya safari

Anzisha muziki kabla ya kuondoa gari. Japani, kushika simu ukiendesha gari dogo kunagharimu yen 18,000 na pointi tatu za leseni tangu Desemba 2019, na kutazama skrini ya simu kunahesabiwa vile vile.

Sauti iwe ya kiwango ambacho king'ora cha gari la wagonjwa bado kinasikika. Punguza besi, ongeza kidogo sauti za kati. Humo ndimo mwimbaji alimo.

Ukielekea magharibi alasiri jua linakupiga usoni, na katikati ya Agosti huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Miwani iwe karibu.

Kama hakuna anayeimba baada ya nyimbo nne, usiwalazimishe. Ruka hadi ule wa kiitikio kifupi kuliko yote na uanze wewe, hata kwa matamshi mabovu. Mzee wa Kijapani akisikia umekosea neno atakusahihisha, na akishafungua mdomo kusahihisha, anaendelea.

Kama mtu anasikiliza kimya na macho yamelowa, usiulize na usibadilishe wimbo.

Mkifika nyumbani, weka alama kwenye orodha: zilizoimbwa, zilizosikilizwa, zilizorukwa. Iliyorukwa mara mbili itoe, uweke nyingine ya mwaka ule ule.